Je, waya zilikatwa ili muuaji wa Lincoln atoroke?

*Swali: "Jambo Mwalimu. Niko Lubumbashi, ninaandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya historia juu ya mawasiliano ya jeshi la Marekani wakati wa kuwasaka waliomuua Rais Abraham Lincoln mwaka 1865. Nimesoma kwamba usiku ule waya za telegrafu za Washington zilikatwa masaa mawili, kwamba Waziri wa Vita Stanton alichelewa kutangaza jina la muuaji ingawa watu walimtambua palepale ukumbini, na kwamba njia zote zilifungwa isipokuwa ile aliyopita. Halafu jeshi lenye telegrafu kubwa vile likachukua siku 12 kumpata mtu aliyevunjika mguu. Hapa kwetu mtandao ukizimwa, tunajua kuna jambo linafichwa. Direkta wangu, anayesimamia kazi hii, amekataa sura ya tatu, pale ninaposema Stanton alihusika. Nimekosea, ao yeye anaogopa?"*

Jambo mwanangu. Direkta wako haogopi. Ila sitakucheka, kwa sababu shaka yako haikuota hewani. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wetu wa kwanza, aliuawa usiku wa Januari 17, 1961, nje kidogo ya mji huu tunaoishi. Wakubwa wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, walikaa kimya karibu wiki nne, na Februari 13 waziri wao wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akawaambia waandishi wa habari kwamba mfungwa alitoroka na wanakijiji wakamuua. Na wewe mwenyewe unakumbuka Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi: intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Mtu aliyekulia hapa akisikia kwamba waya zilinyamaza usiku rais anauawa, ni lazima aulize nani alizinyamazisha.

Uliza, ni haki yako. Lakini kwanza tazama kificho cha kweli kinavyofanywa. Mwaka 1961 waliojua ndio walioshika redio na waandishi, na habari haikutoka popote mpaka wao walipoamua itoke, tena ikiwa imevikwa uongo. Washington ya Aprili 14, 1865 haikuwa hivyo hata kidogo.

Washington ilikuwa na waya za aina mbili. Zilikuwepo za kampuni za biashara, zilizobeba habari za magazeti, bei za soko na salamu za familia. Na zilikuwepo za Telegrafu ya Kijeshi, zilizoishia ndani ya jengo la Wizara ya Vita karibu na Ikulu, chini ya Meja Thomas Eckert. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini ya Lincoln ikipigana na Kusini iliyojitenga, jeshi lilijenga kama maili 15,000 za waya, yaani kilomita karibu 24,000. Waliozitumia hawakuwa askari bali raia walioajiriwa, na walimtii Stanton, si majenerali wa uwanjani. Hili liweke kwenye sura yako ya kwanza, maana wengi hulisahau, na ndilo linalofanya watu wamshuku Stanton: kweli alikuwa ameikalia njia ya habari.

Zilizokatika usiku ule, kwa karibu masaa mawili, ni za biashara, kati ya Washington na Baltimore. Za jeshi ziliendelea kufanya kazi. Hapa kwetu unalijua jambo hili bila kufundishwa: mtandao mmoja wa simu ukilala, mwenye laini ya pili anaendelea kupiga, na askari mwenye foni yake, ile redio ya jeshi, hata hajui kwamba watu wanalalamika. Basi sema sawasawa kilicholala ni kipi. Ukiandika tu "telegrafu ilikatwa", msomaji ataona mji mzima uko gizani, na si kweli.

Ushahidi ni rahisi. Jenerali Ulysses Grant alikuwa ameondoka jioni ile kwa treni na mke wake kwenda New Jersey. Alipofika Philadelphia, karibu na saa sita usiku, ujumbe wa Wizara ulikuwa unamngoja: rais amepigwa risasi, hatapona, rudi Washington. Lincoln alipigwa kama saa nne na robo katika ukumbi wa Ford's Theatre. Kwa hiyo hata masaa mawili hayajaisha, mkuu wa majeshi yote amepata habari akiwa mji mwingine. Na Lawrence Gobright, mwandishi wa shirika la habari la Associated Press, naye alituma usiku uleule taarifa yake fupi kwamba rais amepigwa risasi ukumbini na huenda hatapona. Anayetaka kuficha haachi milango miwili wazi namna hiyo.

Sasa jina la muuaji, Booth. Hapa una hoja, na mimi sitaisukuma pembeni. John Wilkes Booth alikuwa mwigizaji maarufu, na watu ukumbini walimjua uso aliporuka kutoka kwenye chumba cha rais hadi jukwaani. Lakini ujumbe wa kwanza mrefu wa Stanton kwa Jenerali Dix wa New York, ambao ndio ulikuwa njia ya kuwapa magazeti habari, una nyakati mbili: umeandikwa saa saba na nusu usiku na kutumwa saa nane na robo. Haumtaji Booth. Jina linatokea katika ujumbe wa saa tisa usiku, uliotumwa dakika 20 baadaye, tena kwa maneno ya tahadhari kwamba uchunguzi unaelekeza kwake. Mpaka ule wa saa kumi na dakika 10 alfajiri, uliotumwa saa kumi na dakika 44, ndipo Stanton anasema kwa uhakika kiasi kwamba wauaji walikuwa wawili na Booth ndiye aliyempiga rais.

Kwa nini masaa yote hayo? Jiulize Stanton alikuwa wapi. Alikuwa nyumbani anajiandaa kulala, na habari ya kwanza aliyoletewa haikuwa ya Lincoln bali ya Waziri wa Mambo ya Nje Seward, aliyeshambuliwa kwa kisu kitandani mwake karibu wakati uleule. Alikimbilia kwa Seward kwanza. Kisha akaenda nyumba ya Petersen, ng'ambo ya barabara kutoka ukumbini, ambamo Lincoln alilazwa, na akaugeuza ukumbi wa nyuma kuwa ofisi ya serikali. Akaanza kuhoji mashahidi mmoja mmoja, na kijana James Tanner, koplo aliyepoteza miguu yote miwili vitani, akawa anaandika kwa hati ya mkato. Mashambulizi mawili kwa saa moja: je, ni mtu mmoja au kumi? Je, ni jeshi la Kusini linarudi? Katika hali ile waziri anayetangaza jina kabla ya kusikia mashahidi anaweza kutuma wapanda farasi wote wa nchi nyuma ya mtu asiyehusika.

Na kuna jambo la kawaida kabisa ambalo vitabu vya njama hulipita: ndani ya nyumba ya Petersen hapakuwa na chombo cha telegrafu. Kila neno la Stanton liliandikwa kwenye karatasi, likabebwa na mjumbe kupita mitaa iliyojaa watu wanaolia na kupiga kelele, likafika Wizara ya Vita, likawekwa kwenye foleni, ndipo likapigwa kwa alama za Morse. Ndiyo maana ujumbe mmoja una nyakati mbili. Pengo la dakika 45 kwenye ule wa kwanza, 20 kwenye wa pili na 34 kwenye wa tatu ni foleni na miguu ya mjumbe. Tengeneza jedwali la saa hizo na uliweke kwenye sura ya tatu badala ya kurasa za Stanton. Litakupa alama nyingi zaidi.

Twende kwenye daraja. Umesoma kwamba njia moja tu iliachwa wazi. Booth alifika kwenye daraja la Navy Yard, upande wa kusini-mashariki wa mji, kama saa tano kasorobo usiku, nusu saa tu baada ya risasi. Sheria ya vita ilikataza kuvuka baada ya saa tatu usiku, lakini Jenerali Lee wa Kusini alikuwa amesalimu amri siku tano kabla, na ukali ulikuwa umepungua. Sajini Silas Cobb alimsimamisha, akamuuliza jina. Akajibu: Booth. Jina lake halisi! Cobb akamwacha apite, na dakika chache baadaye akamwacha na mwenzake David Herold. Hakuna amri iliyoliacha daraja wazi. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kufunga. Amri za kusimamisha treni, kuzuia meli mtoni Potomac na kuwaamsha makamanda wa Baltimore, Alexandria na Winchester zilitoka baadaye, zikaenda haraka kwenye kila mahali penye waya. Booth alikuwa amekwisha kutoka nje ya waya.

Hapo ndipo ningependa sura yako ikae, kwa sababu hapo pana siku zako 12. Telegrafu hufikisha neno pale tu nguzo zinapofika, na hubeba kile tu ambacho mtu fulani amekwisha kukijua. Kaskazini kulikuwa na reli na miji na waya. Kusini mwa Maryland kulikuwa na mashamba ya tumbaku, mabwawa na misitu ya misonobari, na watu wengi waliokuwa upande wa Kusini kwa moyo wote. Booth alipita kwenye baa ya familia ya Surratt karibu na usiku wa manane akachukua bunduki, na karibu na saa kumi alfajiri alikuwa kwa Daktari Samuel Mudd, aliyemfunga mguu wa kushoto uliovunjika.

Jumamosi ileile, Aprili 15, mchana, Luteni David Dana na wapanda farasi wa Kikosi cha 13 cha New York walifika Bryantown. Kutoka pale hadi kwa Mudd ni kama kilomita 8. Booth alikuwa bado amelala kwenye kitanda cha daktari! Mudd mwenyewe aliingia Bryantown siku ile, akasikia habari, akarudi nyumbani, akanyamaza. Jumapili akamdokezea ndugu yake George kwamba aliwapokea wageni wawili wa mashaka. Jumatatu George akamwambia Dana. Jumanne ndipo wapelelezi walipobisha kwa Mudd. Siku mbili nzima, kilomita 8, na katika simulizi hiyo yote hakuna waya hata mmoja wa kulaumiwa. Mtu alisita, mwingine akapuuza.

Kati ya Aprili 16 na 20, Booth na Herold walilala kichakani, wakilishwa na Thomas Jones, mtu ambaye wakati wa vita alikuwa akivusha barua za siri za Kusini mtoni Potomac. Jones aliwaletea chakula na magazeti. Niliposoma kisa hiki mara ya kwanza nilicheka peke yangu: maneno ya Stanton yalipigwa kwa waya hadi New York, yakachapwa, yakazungushwa, yakamfikia Booth chini ya mti kabla askari wa Stanton hawajamfikia. Alisoma namna nchi inavyomlaani na akasikitika kwamba hawakumwona shujaa.

Wakati huo waya hazikuwa zimelala. Zilikuwa zimejaa. Booth alionekana Pennsylvania, Booth alionekana huku, alionekana kule. Zawadi ya dola 100,000 iliyotangazwa Aprili 20, 50,000 kati yake kwa ajili ya Booth peke yake, iliongeza macho na ikaongeza uongo. Wasomaji wa Goma na Bukavu wanaofuata makundi ya WhatsApp siku za vita watalielewa hili haraka kuliko profesa yeyote.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Aprili 24. Samuel Beckwith, mtaalamu wa maandishi ya siri wa Jenerali Grant, alikuwa ametumwa kusini mwa Maryland pamoja na Meja James O'Beirne. Asubuhi ile alipiga telegrafu kutoka Port Tobacco kwenda kwa Eckert. Alisema Mudd alimtibu Booth na kumpa magongo, kwamba huenda watoro bado wako kwenye bwawa karibu na Bryantown, lakini kuna ushahidi mwingine kwamba walivuka Potomac kwa mtumbwi asubuhi ya Jumapili, Aprili 16, kuingia Virginia. Ujumbe ulifika Washington kwa muda wa saa moja.

Ulikuwa na kosa. Waliovuka Jumapili ile walikuwa watu wengine kabisa. Booth na Herold walijaribu kuvuka usiku wa Aprili 20, wakapotea mtoni gizani wakarudi upande uleule wa Maryland, na wakafika Virginia usiku wa kuamkia Aprili 23. Lakini Kanali Lafayette Baker, mkuu wa wapelelezi, alipopata habari hiyo ya Virginia, siku ileile kikosi cha wapanda farasi 26 wa Kikosi cha 16 cha New York chini ya Luteni Edward Doherty, pamoja na wapelelezi Everton Conger na Luther Baker, kilipandishwa meli ya *John S. Ide* hadi Belle Plain. Taarifa ya uongo ikawapeleka mahali pa kweli! Baadaye Lafayette Baker alijisifu sana kwa akili zake, na mimi nakushauri usimwamini sana mtu ambaye mgao wa zawadi unamngoja.

Na kutoka Belle Plain kuendelea, telegrafu haionekani tena. Kwenye kivuko cha mto Rappahannock askari walimkuta mvuvi William Rollins, wakamwonyesha picha ndogo, akazitambua sura. Yeye na mke wake walijua kwamba watoro walifuatana na kijana askari wa Kusini, Willie Jett, na kwamba Jett ana mchumba Bowling Green. Usiku wakamtoa Jett kitandani hotelini, naye akawapeleka kwenye shamba la Garrett. Alfajiri ya Aprili 26 Herold alijisalimisha, ghala la tumbaku likachomwa moto, Sajini Boston Corbett akampiga Booth risasi ya shingo, naye akafa karibu na saa moja asubuhi. Hata habari ya kifo hicho Conger aliibeba mwenyewe, kwa farasi na meli, akamfikia Stanton jioni.

Je, hapo nimemsafisha Stanton kila doa? Hapana, na TFC yako iseme yanayobaki. Mwaka 1867 Eckert aliulizwa na kamati ya Bunge juu ya zile waya za biashara. Akakubali kwamba zilikatika karibu masaa mawili, akasema hakuchunguza kwa sababu wakati ule hakuona kuwa ni jambo kubwa. Mimi kama mtu wa mawasiliano jibu hilo linaniudhi. Rais anauawa, waya zinanyamaza saa ileile, na mkuu wa telegrafu haoni cha kuuliza? Ni uzembe, na unastahili kuitwa hivyo kwenye karatasi yako. Pia kuna kisa cha David Homer Bates, aliyefanya kazi katika ofisi ile: kwamba Lincoln alimwomba Eckert afuatane naye ukumbini jioni ile, Eckert akakataa kwa kisingizio cha kazi. Bates alikisimulia miaka 40 na zaidi baada ya tukio, na anaeleza palepale kwamba Stanton hakutaka rais aende kabisa. Tumia kisa kizima, usichukue nusu inayokupendeza.

Nadharia kwamba Stanton alihusika ilipata nguvu hasa kwa kitabu cha 1937 cha mkemia mmoja wa Chicago. Ukikisoma kwa makini utaona anapanga maswali vizuri sana halafu anayaacha bila majibu, na msomaji ndiye anayemalizia hukumu. Ndivyo sura yako ya tatu ilivyoandikwa pia, nadhani, na ndicho direkta alichokikataa. Stanton huyohuyo ndiye aliyewafikisha watuhumiwa wanane mbele ya mahakama ya kijeshi. Wanne wakanyongwa Julai 7, 1865. Mbele ya mahakama hiyo Eckert alitoa ushahidi juu ya jedwali la maandishi ya siri lililokutwa kwenye sanduku la Booth hotelini, lililofanana na la kifaa kilichokutwa Richmond ofisini kwa waziri wa Kusini, Judah Benjamin. Ukitaka sura ya kusisimua, hiyo ni bora kuliko uvumi wa waya.

Basi badilisha swali. Usiulize nani alikata waya. Uliza kila habari muhimu ilikaa mikononi mwa nani, kwa muda gani, kabla ya kufika kwenye waya. Juzuu la 46, sehemu ya tatu, ya rekodi rasmi za vita vile lina ujumbe mwingi wa usiku ule ukiwa na saa zake, na linasomwa bure kwenye intaneti. Kiingereza chake ni cha zamani na vifupisho ni vingi. Kisome pamoja na mtu anayekijua vizuri, mkae meza moja, usikipeleke kwenye programu ya kutafsiri. Imekwisha kuwachanganyia wengi saa za asubuhi na usiku.

Kuna jambo moja ambalo halifai kumalizwa kwa maandishi. Mwishoni mwa barua yako, sehemu ambayo sikuichapisha hapo juu, unasema unataka kuongeza kipande cha kulinganisha na mawasiliano ya askari walioko mashariki leo. Usianze kuuliza watu maswali hayo kwa simu, wala usiandike popote masafa ya foni, vituo ao majina. Nenda kwanza umwone direkta wako ana kwa ana, mlango umefungwa, mkubaliane kama kipande hicho kiwepo. Mimi ningekiacha. Una mwaka 1961 hapahapa Lubumbashi wa kulinganisha nao, na wale wa wakati ule wamekwisha kuandika na kuhojiwa.

Ukimaliza jedwali la saa, lichape kwenye karatasi kubwa ulilete. Kwenye kioo cha simu siwezi kulisoma.